Aliyefika Kabla ya Ndege

Kwenye kiwanda cha mashati alikofanya kazi walimwita Darubini, na mwenyewe hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kukagua. Mashati yalimfikia mwisho kabisa, baada ya kukatwa, kushonwa na kupigwa pasi, naye alikaa kwenye meza ndefu chini ya taa nyeupe, akiyageuza nje ndani, akivuta mshono wa bega, akipapasa vifungo kwa kidole gumba bila hata kuviangalia. Shati zima lilikwenda kulia, lenye kasoro likatupwa kushoto. Mafundi cherehani walimwogopa kuliko walivyomwogopa meneja. Meneja alifoka yakaisha. Darubini hakufoka, alimwita fundi, akamwonyesha mshono, akamuuliza taratibu, "Hapa ulikuwa unawaza nini?"

Shida ni kwamba kazi hiyo hakuiacha kiwandani. Muuza nyanya akimwongezea moja ya bure, aliigeuza mara tatu kutafuta ilipooza. Mumewe, dereva wa gari la maziwa, mtu mpole asiyependa makuu, akichelewa kidogo tu, alipokelewa mlangoni kwa kunuswa shati.

"Linanuka nini?" mume aliuliza siku moja.

"Maziwa."

"Basi nishike, mke wangu. Ushahidi umeupata."

Watu walicheka, naye alicheka pamoja nao, lakini kunusa hakuacha.

Kwao walizaliwa wawili tu, yeye na mdogo wake wa kiume. Mama yao alimwita yule wa pili Kitinda tangu akiwa kwenye nepi, na jina likamganda hadi ndevu zikaota. Kitinda alikuwa fundi wa majokofu. Miaka sita nyuma alipata kazi katika jiji la mbali, upande wa pili wa dunia, kwenye kampuni iliyohudumia mafriji ya maduka makubwa. Kila Jumapili jioni alipiga simu ya video. Alikuwa amejikunyata ndani ya koti zito, nyuma yake ukuta mweupe, na mazungumzo yao yalikuwa yale yale: baridi imezidi, kazi inakwenda, mama hajambo? Darubini alimtazama kwenye kioo cha simu kama anavyotazama kola. Mara moja alisikia jogoo akiwika nyuma ya ule ukuta.

"Huko kuna jogoo?"

"Mlio wa simu ya jirani," Kitinda alijibu haraka. "Watu wa huku wana mambo!"

Siku ile aliliacha lipite. Baadaye alijilaumu.

Mama yao aliishi nao, chumba cha uani. Jumapili moja asubuhi aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Walimbeba kwenye gari la maziwa, kreti zikasukumwa pembeni, wakamfikisha hospitali. Saa moja asubuhi, akiwa kwenye korido, Darubini alimpigia mdogo wake. Simu iliita sana.

"Kitinda, mama ameanguka. Wanasema nyonga. Nimeona nikuambie tu, najua uko mbali."

 "Nakuja," Kitinda akasema.

"Unakuja vipi? Si lazima uombe ruhusa, utafute tiketi..."

"Nakuja, dada." Akakata.

Saa nane mchana mama alikuwa ameshapigwa eksirei, amelazwa, mguu umevutwa kwa kamba na uzito. Darubini alikuwa akimlisha uji kwa kijiko, huku akimtilia shaka muuguzi ambaye, kwa maoni yake, alikuwa na haraka isiyo ya kawaida. Mlango wa wodi ukafunguliwa. Alikuwa Kitinda, koti zito mkononi, sanduku la magurudumu nyuma yake, jasho likimtiririka.

Mama alimshika kichwa kwa mikono miwili. Shemeji yake alimpigapiga mgongoni. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walinyanyua shingo, mmoja akasema kwa sauti, "Huyo ndiye mtoto!" Darubini naye alilia. Lakini alilia kwa jicho moja. La pili lilikuwa kwenye saa ya ukutani, juu ya mlango.

"Umefikaje?" aliuliza walipotoka nje ya wodi.

"Kwa ndege, dada."

"Kwa ndege najua. Nauliza umefikaje saa hizi."

"Nilibahatisha nafasi, ndege ya moja kwa moja. Halafu saa za kule na za huku si sawa. Ndiyo maana unaona kama nimewahi."

"Mwache mwenzio anywe maji kwanza," mume wake akaingilia, akamshika shemeji yake mkono na kuondoka naye kuelekea kwenye mgahawa wa hospitali.

Darubini alibaki pale koridoni. Alikumbuka vizuri siku Kitinda alipoondoka. Aliruka jioni, na wao walikesha na simu usiku kucha, na hakupatikana hadi jioni ya siku ya pili, amechoka, akiwaambia alishuka nchi ya katikati akasubiri ndege nyingine hadi miguu ikavimba. Je, dunia ilikuwa imepungua tangu wakati ule?

Nyumbani, Kitinda alioga akavaa fulana ya shemeji yake. Shati alilokuja nalo alilifua akalianika kambani. Darubini alijifanya anakwenda kuanua nguo, ingawa bado zilikuwa mbichi. Alilishika lile shati, na vidole vikaanza kazi vyenyewe. Mshono wa bega aliujua. Mfuko wa kifuani ulikuwa umelalia upande mmoja. Akageuza kola: lebo imekatwa nusu.

Aliduwaa. Lebo ile ilikuwa ya kiwanda chao. Mashati mazuri yalipakiwa kwenye maboksi yakapelekwa nje. Yale ya daraja la pili, aliyoyatupa kushoto, yalikatwa lebo nusu na kuuzwa kwa wachuuzi wa hapa hapa nchini. Hayakuvuka mpaka hata siku moja. Na mfuko ule uliopinda aliukumbuka: mwaka jana fundi mmoja aliyekuwa na mawazo ya posa alishona robota zima hivyo, akaitwa kwenye meza ndefu akaulizwa alikuwa anawaza nini.

"Shati lako zuri," alimwambia Kitinda wakati wa chakula. "Umenunua wapi?"

"Kule kule. Dukani."

"Ghali?"

"Ya kawaida tu."

Mumewe alikohoa, akaomba chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yake.

Tangu siku hiyo Darubini hakupata raha. Mtu anayesema uongo juu ya shati atakuwa anaficha nini kikubwa zaidi? Aliwaza jela. Aliwaza kwamba Kitinda amekimbia jambo huko, anatafutwa. Aliwaza huenda ameifuata nyumba yao, iliyoandikwa jina la mama. Akaenda chumba cha uani, akaitoa hati ya nyumba kabatini, akaiweka chini ya gunia la mchele, kisha akakaa juu ya gunia akijionea aibu. Hata hivyo hakuirudisha.

Jumatatu, muda wa mapumziko, alivuka barabara hadi ofisi ya tiketi za ndege iliyotazamana na kiwanda. Alikuwa akiipita kila siku bila kuingia. Mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kifuani alimkaribisha kiti.

"Unasafiri, mama?"

"Siyo mimi. Nataka kujua tu, kutoka jiji lile mpaka hapa ni mbali kiasi gani?" Akalitaja.

Mwanamke alivaa miwani, akabonyeza kompyuta. "Kilomita elfu tisa na ushee. Hewani ni kama saa kumi na moja, hiyo ni kama ungepata ndege ya moja kwa moja."

"Ipo?"

"Haijawahi kuwepo. Unashuka njiani, unasubiri, unapanda nyingine. Ukiwa na bahati siku moja nzima imekwenda. Ukikosa bahati, moja na nusu."

"Na hizi saa zao kuwa tofauti na zetu? Haziwezi kumsaidia mtu akawahi?"

"Zinamsaidia anayekwenda kule, maana wao wako nyuma yetu. Anayekuja huku zinamkata. Anatua saa za kwetu zimeshakimbia."

Darubini alivuta kiti mbele. "Sasa mtu akipigiwa simu yuko kule, saa moja asubuhi ya huku. Anaweza kuwa hapa saa nane mchana?"

Yule mwanamke alicheka hadi miwani ikamtoka. Alipoona mwenzake hacheki, akajirekebisha. "Haiwezekani, mama. Labda alikuwa ameshapanda kabla hamjampigia."

Alisema hivyo kwa wema tu, lakini alikuwa amemwaga petroli kwenye jiko. Ameshapanda kabla? Kabla mama hajaanguka? Alijuaje? Darubini alirudi mezani kwake na mchana ule akatupa kushoto mashati mengi kuliko siku yoyote ya mwaka ule. Jioni alikwenda wodini, akasubiri muuguzi aondoke, akainama sikioni mwa mama.

"Mama, pale bafuni uliteleza mwenyewe?"

Mama akamtazama. "Niliteleza na nani, mwanangu?"

"Hakukuwa na mtu? Sabuni sakafuni?"

"Sabuni isiwe bafuni, iwe wapi? Hebu nipe maji."

Kitinda, kwa upande wake, hakufanya lolote la kushikika. Alilala kwenye mkeka pembeni ya kitanda cha mama walipomruhusu, akamwosha uso, akambeba alipohitaji kugeuzwa. Alitengeneza hata friji ya chumba cha dawa iliyokuwa ikinguruma, wauguzi wakampenda. Kadiri alivyokuwa mwema ndivyo dada yake alivyozidi kumshuku. Alitoka nje kupokea simu na kuongea kwa sauti ya chini, akitabasamu. Darubini alipokaribia, alibadilisha uso na kusema, "Ni bosi."

Ni bosi gani huyo wa kuchekewa hivyo?

Mama alipofanyiwa upasuaji salama na kuanza kukaa kitandani, Kitinda alisema likizo yake imekwisha, ndege ni kesho mchana.

"Tutakusindikiza," dada yake akasema papo hapo.

"Msijisumbue. Nitachukua teksi."

"Umekuja kutoka upande wa pili wa dunia, halafu upande teksi peke yako kama mgeni? Gari lipo."

Kitinda alimtazama shemeji yake. Shemeji yake akatazama dari.

Uwanja wa ndege ulikuwa na watu wengi. Walimshusha mbele ya mlango wa wanaoondoka. Koti zito alikuwa amelivaa, ingawa jua lilikuwa la kukaanga. Akamkumbatia dada yake, akanyanyua sanduku, akaingia, akageuka akapunga mkono, akapotea kati ya watu.

"Haya, twende," mumewe akasema.

"Zunguka nyuma ya ule ukuta usimame."

"Mke wangu..."

"Simama, nimekuambia."

Wakasimama. Darubini akashuka akajificha nyuma ya nguzo ya saruji, akajifanya anatafuta kitu mkobani. Mumewe alimfuata akasimama nyuma yake, kofia mkononi. Hawakukaa sana. Kwenye mlango wa pembeni, ule wa wanaowasili, Kitinda alitoka akivuta sanduku lake. Aliangaza kushoto na kulia. Akaenda kwenye benchi lililokuwa kivulini, akakaa. Akavua koti. Hakulitupa, alilikung'uta, akalikunja mikono ndani kwa uangalifu, akafungua sanduku, akaliweka na kulifunga. Sanduku lilikuwa tupu kabisa isipokuwa lile koti. Kisha akatoa yai la kuchemsha mfukoni, akalimenya, akala taratibu, huku akitazama magari yanavyopita, kama mtu anayesubiri wenye nyumba waondoke ili naye apite.

Darubini alikuwa amejiandaa kwa siku nyingi kwa dakika ile. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Miguu ikagoma. Alimwona mtu mzima, mdogo wake, amekaa na sanduku tupu akila yai.

"Tuondoke," mumewe alisema kwa sauti ya chini. "Muache."

Waliondoka. 

Usiku ule alipanga jinsi ya kumwambia mama. Aliogopa. Mwanamke ametoka kushonwa nyonga, leo aambiwe mwanawe wa ughaibuni hayupo ughaibuni? Kesho yake alikwenda wodini na machungwa, akamenya moja lote kabla ya kufungua mdomo.

"Mama, kuna jambo. Lakini usishtuke. Ni la Kitinda."

Mama akaacha kutafuna. "Amekosa basi?"

Darubini alibaki na kisu hewani. "Basi gani?"

Wakatazamana. Mama alipanguza mdomo kwa ncha ya shuka, akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo. "Kumbe umeshajua," akasema. "Safari hii umechelewa, wewe."

Mama alimweleza yote bila kuzunguka. Kampuni ile ya kule ilifungwa baada ya miaka mitatu, vibali vya wafanyakazi vikafa nayo, Kitinda akarudishwa. Alipofika hakuja nyumbani. Alikwenda mji wa kusini, mwendo wa saa sita kwa basi, akapata kazi kwenye karakana ya majokofu. Baada ya miezi miwili alikuja siku ya kazi, Darubini akiwa kiwandani, akakaa jikoni kwa mama akalia kama mtoto. Huko kusini ameoa. Ana mtoto wa kike.

"Wewe ulimwona huyo mtoto?"

"Nilimpakata. Nilipokuambia nakwenda kumuuguza shoga yangu."

"Na ulikwenda na nani?"

Mama akatazama dirishani. "Gari la maziwa si hupeleka mtindi kusini kila Alhamisi?"

Darubini alikiweka kisu chini. Aliyenuswa shati kila siku! Maziwa, maziwa, maziwa, na kumbe maziwa yenyewe ndiyo yaliyokuwa na siri.

"Kwa hiyo mnajua wote. Nani mwingine hajui?"

"Wewe tu, mwanangu."

"Na zile simu za Jumapili? Lile koti?"

"Zilikuwa za kwako," mama akasema. "Mimi huongea naye Jumatano."

Alitaka kuuliza kwa nini, lakini jibu alikuwa nalo. Siku Kitinda anaagwa, mbele ya ukoo mzima, yeye ndiye aliyesema kwa mzaha, "Huyu mwaka hamalizi, atarudi na mabegi matupu." Na kabla ya hapo, binamu yao mmoja aliporudishwa kutoka nchi nyingine, Darubini aliigeuza habari ile kuwa kichekesho cha kiwanda kwa wiki kadhaa, aliigiza hadi namna binamu alivyoshuka ngazi za ndege. Kitinda, ambaye wakati huo hajasafiri, alikuwepo nyumbani siku moja dada yake akiigiza. Hakucheka. Yeye akadhani hakuielewa.

"Alinishika miguu," mama alisema. "Akasema, mama, dunia nzima ijue, lakini si dada."

Wiki ile nyumba ilikuwa na baridi kuliko jiji lolote la mbali. Mumewe alijaribu kujieleza. Alisema aliahidi. Alisema siri haikuwa yake. Darubini alimwekea chakula na kugeukia ukuta. Kilichomuuma hakikuwa uongo peke yake. Maisha yake yote alijivunia kwamba hakuna kinachompita, na kumbe watu wake wa karibu walikuwa wamekaa wakapanga namna ya kumpitisha vitu, kama watu wanaovusha mzigo kwenye kizuizi cha barabarani. Kiwandani akaanza kuwasikia mafundi wakinong'ona akipita. Je, walikuwa wakinong'ona hivyo siku zote?

Mama aliporudi nyumbani na kuanza kujikongoja kwa fremu ya chuma, Darubini aliomba ruhusa ya siku mbili, akapanda basi la kusini. Hakumwambia mtu. Hata alipokaa kwenye kiti alishuku: huenda huko napo hakuna karakana, hakuna mke, huenda hata hii ni hadithi nyingine waliyomtungia.

Karakana ilikuwepo. Mafriji mabovu yalisimama nje milango wazi, na Kitinda alikuwa amechuchumaa nyuma ya moja, uso una grisi. Aliponyanyua kichwa alikaa chini kabisa, bisibisi mkononi.

"Nani amekuleta?"

"Basi."

"Umekuja kukagua?"

Neno lile lilimchoma, lakini alilistahili. "Nimekuja kumwona wifi yangu," akasema.

Waliishi vyumba viwili nyuma ya karakana. Wifi yake alikuwa mwanamke mrefu, mwenye macho makali, na alimpokea kwa adabu zote, isipokuwa tabasamu. Alifuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi. Alileta chai, akakaa karibu na mlango, akimtazama mgeni anavyotazama chumba. Darubini alitambua mtazamo ule, na kwa mara ya kwanza akajua anavyohisi mtu aliyekaa upande wa pili. Hakujua aweke wapi macho. Akitazama ukuta, ataonekana anakagua rangi. Akitazama kitanda, ataonekana anakagua shuka. Akaishia kutazama kikombe. Mtoto, wa mwaka mmoja na kitu, alijificha nyuma ya sketi ya mama yake akimchungulia.

"Msalimie shangazi," Kitinda alimwambia. Mtoto akakataa katakata.

Jioni, wakiwa wamekaa nje kwenye kreti, Kitinda alizungumza mwenyewe bila kuulizwa.

"Unajua kwenye ndege kuna kioo kidogo mbele ya kila kiti? Kinaonyesha ramani, na kilomita zilizobaki. Watu walikuwa wanatazama filamu. Mimi nilitazama zile kilomita. Elfu saba. Elfu tano.  Wenzangu wanalalamika safari ndefu, mimi naomba Mungu ndege iende polepole. Safari nzima ilipita kama nimefumba na kufumbua. Ndege ya mwisho ilipotua hapa kwetu watu walipiga makofi. Mimi sikuweza kufungua mkanda; mhudumu alikuja akanifungulia."

"Ungekuja nyumbani."

"Nilikuwa nakuona wewe mlangoni."

 "Ungeniambia," Darubini akasema.

"Ningekuambia, ungefanya nini? Lakini sema kweli, dada."

Alijipekua kwa uaminifu, kama ambavyo hakuwahi kujipekua. "Ningecheka," akasema. "Kwanza ningecheka. Halafu ningekwenda chooni nikalia."

"Basi ndiyo hiyo. Mimi ningebaki na kile kicheko."

"Na siku ile mama alipoanguka? Ungekaa hata siku moja ukajifanya unasafiri. Nisingejua."

"Nilifikiria. Nikaona, mama yuko peke yake na maumivu, mimi nihesabu saa za ndege ambayo haipo?" Akatikisa kichwa. "Nikachukua koti nikakimbilia stendi."

Darubini alianza kulia, safari hii kwa macho yote mawili. "Nisamehe, Kitinda," akasema. Hakuongeza maelezo. Mdogo wake alimpa kitambaa chenye grisi, akajipangusa nacho, uso ukawa na mstari mweusi kutoka shavuni hadi sikioni. Mtoto, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliuona ule mstari akaanza kucheka. Alikuja karibu kuutazama. Hakukubali kupakatwa, lakini alikaa kwenye kreti moja na shangazi yake, nafasi ya mtu mmoja katikati yao.

Mambo hayakunyooka siku moja. Wifi alimwamini kidogo kidogo, na yapo ambayo mpaka leo humwambia mama mkwe kwanza. Kitinda alihamisha kazi akarudi karibu na mama mwaka uliofuata, akafungua karakana yake mwenyewe, na majirani waliouliza habari za ughaibuni aliwajibu kwamba ulikuwa mzuri ukaisha. Kiwandani kuna siku fundi mmoja alianza kusimulia, huku akicheka, habari ya jirani yake aliyerudishwa. Darubini aliweka shati chini akamwambia abadilishe mada. Meza nzima ilimgeukia kwa mshangao.

Aliyechelewa kupata msamaha ni dereva wa maziwa. Jumamosi moja walikuwa wawili tu jikoni, na mkewe akavuta kiti akakaa mbele yake.

"Nakuuliza mara moja, na utakachojibu nitakiamini. Kuna kingine unanificha?"

Mume aliwaza. Akazungusha kikombe mezani.

"Kipo kimoja."

"Sema."

"Chai yako. Miaka yote hii. Ni chungu."

Darubini alimkazia macho muda mrefu, akitafuta kama kuna kingine nyuma ya hicho. Kisha akakichukua kikombe, akakimwaga kwenye sinki, akabandika maji upya.